Kutazama Ndege na Nyota: Ni Upuuzi au Ni Ibada?

 

Ndugu yetu mmoja wa Mombasa ametuletea barua ambayo twaona yapasa kujibiwa hadharani, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Asema: "Shekhe, tumepata khabari kwamba huko Nairobi umeonekana si mara moja umesimama kando ya njia na darubini mkononi, ukitazama ndege juu ya miti, na usiku, baada ya Isha, huwatoa wanafunzi wa chuo uwanjani ukawaonyesha nyota. Watu wauliza: je, haya ni katika dini? Na kama si katika dini, je, mtu wa ilimu ana wasaa wa kuupoteza?"

Namshukuru ndugu huyu, kwani mwenye shaka akauliza ni bora kuliko mwenye shaka akasengenya. Khabari aliyoipata ni ya kweli. Nitamjibu kwa kumweleza kwanza ni nini tukitazamacho, kisha ni nini kilichonifanya nianze kutazama, na katika hilo mna aibu yangu mwenyewe. Kisha nitasema hukumu niionayo.

Miezi hii ya Oktoba, Novemba na Disemba, huko Ulaya majani hupukutika na baridi huingia. Kwetu ni vuli. Sisi watu wa pwani twaijua miezi hii kwa upepo: Kusi imekwisha, Kaskazi yaanza, nayo zamani ndiyo iliyokuwa ikituletea majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Lakini ni wachache katika sisi wajuao kwamba upepo huo huo huwaleta wasafiri wengine wasio na nahodha wala dira. Wako kozi wadogo wanaozaliwa pande za mashariki ya Siberia na kaskazini ya Uchina, ambao hupitia Bara Hindi, kisha katika mwezi wa Novemba wakaivuka bahari kuja Afrika wakisukumwa na Kaskazi. Uzito wa mmoja wao haufiki nusu ratili. Na mbayuwayu tunaowaona vuli wakipita kama mishale juu ya mapaa ya Nairobi, wengi wao wamezaliwa Ulaya na Urusi, katika viota vya udongo ndani ya mabanda ya ng'ombe.

Mwenye kutoka Msikiti wa Jamia baada ya Adhuhuri akainua kichwa badala ya kuitazama simu yake, huenda akawaona mwewe wakizunguka juu ya makuba na minara pasi na kupiga bawa. Akishika njia ya magharibi, akaipita Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, akafika Kileleshwa na Lavington, kisha akatufikia sisi wa Riruta na Dagoretti, atawasikia kwarara wakipiga kelele alfajiri. Na penye miti mikubwa, akiwa na subira, atamwona shorobo, ndege wa kijani na buluu ambaye akikaa tawini hadhaniwi kuwa na ajabu kubwa, lakini akiruka mbawa zake hufunguka nyekundu kama kitambaa cha hariri. Hapo mtu husema "Subhanallah" kabla hajajua kwamba amesema.

Wako wasemao: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Ni kweli kwamba hapa Nairobi Bibi Fleur Ng'weno ndiye aliyeanzisha, mwaka 1971, matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya kuwatazama ndege, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na watu wa kila rangi wameyafuata. Lakini tuwaulize wasemao hivyo: Mzungu akitaja nyota Altair, ataja lugha ya nani? Ni neno la Kiarabu, nasr at-tair, yaani tai anayeruka. Akitaja Vega, ni an-nasr al-waqi, tai anayetua. Akitaja Deneb, ni dhanab, mkia. Mwaka 964 Abdur-Rahman as-Sufi, mtu wa Uajemi, aliandika kitabu chake cha nyota, na ndani yake akataja kiwingu kidogo ambacho leo tunajua kuwa ni kundi la nyota lililo mbali nasi kiasi cha safari ya nuru ya miaka milioni mbili na nusu. Alikiona kwa macho yake matupu. Basi huu ni urithi wetu tulioutupa njiani, wengine wakauokota. Na leo twawacheka kwa kuuokota.

Sasa nitaeleza kilichonianzisha.

Vuli ya mwaka uliopita mama yangu alikuwa mgonjwa Lamu, nami niko Nairobi, kazi ya chuo imenifunga, nikimuuliza hali kwa simu kila jioni. Siku moja usiku bundi alitua juu ya mgunga ulio nyuma ya chuo akalia. Usiku wa pili akalia. Usiku wa tatu akalia. Mimi niliyefunzwa tangu utoto, niliyewafunza watoto mara nyingi kwamba Mtume (S.A.W.) amekanusha kisirani cha ndege, na kwamba wanavyuoni wamemtaja bundi khasa katika hayo aliyoyakanusha, nilijifunika shuka nikaogopa. Sikumwambia mtu.

Siku ya nne, baada ya Alasiri, wavulana wanne walinijia na gunia. Wakasema, "Maalim, tumemuua." Walikuwa wamemvizia mchana amelala tawini, wakampiga mawe hata akaanguka. Nikalifungua gunia, nikayaona manyoya laini kama pamba, na macho yamefumba nusu.

Ewe ndugu msomaji, wajibu wangu saa ile ulikuwa wazi. Ulikuwa ni kuwakemea kwa kuua kiumbe pasi na haki, na kuwaeleza kwamba bundi hana ajuacho katika ajali ya mtu. Sikufanya. Niliwaambia wamfukie, wanawe mikono, waje wasome. Na jambo ambalo sijalitamka mpaka leo ni kwamba usiku ule nililala vizuri.

Baada ya siku nane mama yangu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilisafiri, nikazika, nikarudi. Siku niliyorudi chuoni, mtoto mmoja katika wale wanne, hajatimiza miaka kumi na mmoja, alinijia kunipa mkono wa pole. Akasimama kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, si tulimuua?"

Sikuwa na jawabu. Mtoto yule alifanya hisabu sahihi juu ya msingi batili: ikiwa bundi ndiye aletaye mauti, basi kumuua bundi ni kuyafukuza mauti, na ikiwa bundi ameuawa na mtu amekufa, pana udanganyifu mahali. Naye alikuja kwangu kuuliza udanganyifu u wapi. Msingi ule aliupata wapi? Kwa maneno, mimi nilimfundisha kinyume chake. Aliupata kwa wakubwa wa nyumbani, kwa jirani, na siku ya gunia aliupata kwa kimya changu.

Ndipo nilipokumbuka khabari ambayo kila mwanafunzi wa Hadithi ameisoma. Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alipofariki, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Fikiri: baba aliyefiwa na mtoto, na watu wote wako tayari kuamini kwamba mbingu zimevaa msiba pamoja naye. Lau angenyamaza tu, wangeshika hivyo hata leo. Hakunyamaza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Yeye alisema kweli juu ya jua ilhali moyo wake wachomwa na msiba. Mimi nilinyamaza juu ya bundi kwa khofu ya msiba ambao haujafika.

Basi niliazimu kumjua yule niliyemwogopa. Nilinunua darubini kuukuu, nikaanza kutoka. Nikajua kwamba bundi hula panya, na kwamba mbawa zake zina pindo laini zinazoua sauti ya upepo, ndiyo sababu hupita mtu asimsikie. Nikajua kwamba hulia kumwita mwenziwe, na kuwaonya bundi wengine wasiingie mtaani mwake. Katika kilio kile hamna jina langu wala la mama yangu. Na baada ya bundi nikawaona wengine, na baada ya ndege nikainua macho zaidi nikaziona nyota.

Katika kutazama huko nimefahamu kwamba watu hutazama kwa namna tatu. Kuna mtazamo wa khofu, nao ni wa mwenye kumuona bundi akajiona mwenyewe ndani ya jeneza. Kuna mtazamo wa tamaa, nao ni wa mwenye kwenda kwa mpiga ramli kuisomesha nyota yake, ajue atapata mke gani na mali kiasi gani. Na kuna mtazamo wa mazingatio, ambao mtu hutazama pasi na kutaka kitu kwa kinachotazamwa. Wawili wa kwanza wadhaniwa kuwa mbali mbali, kumbe ni mmoja: wote hawajamtazama bundi wala hawajaitazama nyota, wamejitazama wenyewe. Wa tatu peke yake ndiye aliyeona. Na furaha aipatayo mtu wa tatu, ambayo ndugu yetu aiita kupoteza wasaa, yatokana na kwamba kwa muda mdogo amepumzika na nafsi yake.

Pengine ataulizwa: mazingatio haya yana ulazima gani kwa watoto? Si yatosha kuwasomesha? Hapa nitataja jambo ambalo wataalamu wamelijua kwa majaribio. Wako ndege wadogo wa buluu huko Marekani ambao husafiri usiku kwenda kusini baridi inapokaribia, wakiongozwa na nyota. Bwana Stephen Emlen, mtaalamu wa huko, aliwalea makinda yao kwa mikono, na mwaka 1970 akatangaza aliyoyaona. Kundi moja halikuonyeshwa nyota kabisa. Wakati wa safari ulipofika, ndege hao hawakujua waelekee wapi. Kundi la pili lilionyeshwa mbingu zikizunguka kama kawaida kuizunguka nyota ya kaskazini. Hao wakaelekea kusini sawasawa. Kundi la tatu lilionyeshwa mbingu za bandia, zilizofanywa ziizunguke nyota nyingine, Betelgeuse, ambayo jina lake latokana na Kiarabu, mkono wa Jawza. Ndege hao walipokua waliifanya nyota ile ndiyo kaskazini yao, wakaipa mgongo, wakaelekea upande usiokuwa wao kwa yakini kamili.

Tazama, ewe mzazi, na zingatia. Kinda hazaliwi amejua njia. Huzaliwa na moyo wa kutafuta mahali palipotulia mbinguni, na chochote alichoonyeshwa kuwa ndicho kilichotulia, hukishika. Asiyeonyeshwa kitu hupotea. Na aliyeonyeshwa upotofu hupotea zaidi, kwa kuwa yeye ana yakini. Watoto wale wanne hawakuwa na shaka walipolibeba gunia. Sisi ndio tuliozizungusha mbingu zao kuuzunguka mti wa bundi.

Na pana khabari ya pili, iliyo karibu zaidi nasi. Ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kusini ya njia kuu ya Mombasa na Nairobi, pana hoteli iitwayo Ngulia juu ya ukingo wa mlima. Tangu 1969 wataalamu hukusanyika hapo vuli, khasa katika siku ambazo mwezi haung'ari, kuwavisha ndege pete ndogo mguuni ili wajue safari zao. Kwa nini hapo? Kwa sababu ukungu unaposhuka usiku, ndege wasafiri waliokuwa wakipita juu huzikosa nyota, na wakiiona nuru ya taa za hoteli huivamia kwa wingi wakashuka. Mwezi ukiwaka, taa hazina nguvu hiyo. Wataalamu huwapima ndege na kuwaachilia waendelee na safari, na faida ya ilimu imepatikana. Lakini mimi kila nikikumbuka khabari hiyo najiuliza juu yetu sisi tulio mbele za watu. Taa yaweza kuwa ni nuru kweli, na pamoja na hayo ikamshusha msafiri mahali asipopakusudia, kwa kuwa imewashwa pale ambapo nyota zimefichika. Mwenye kufundisha na aogope kuwa taa ya namna hiyo.

Nairobi yenyewe imejaa taa. Katikati ya mji, mtu akisimama uwanjani usiku huziona nyota chache tu. Hata kwetu magharibi ya mji, kila mwaka ghorofa zapanda na kiza chapungua. Lakini baada ya mvua ya vuli kuliosha vumbi la hewani, pakitokea usiku ambao mawingu yamefunguka, bado pana cha kutosha kwa mwenye macho. Mwanzoni mwa Novemba, baina ya Maghrib na Isha, nawaonyesha watoto wale tai wawili upande wa magharibi na kaskazini-magharibi: anayeruka yuko juu, anayetua yuko chini yake. Baada ya Isha tunageuka mashariki, na hapo Kilimia chapanda, kile ambacho wazee wetu walikitumia kuhisabu majira ya kulima na mvua, na ambacho Waarabu wakiita Thurayya. Nyuma yake yaja ad-Dabaran, yaani mfuasi, nyota nyekundu. Na mwezi ukielekea kwisha Jabbar hutoka mashariki amelala ubavu, na begani pake imo ile Betelgeuse iliyowapoteza makinda. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, nyota za kaskazini na za kusini zote hutupitia kwa zamu. Ni watu wachache duniani waliopewa neema hii.

Basi nakuja kwenye hukumu. Katika Suratul Mulk tumetakiwa kuzitazama mbingu na kuyarudisha macho tena na tena, na katika sura hiyo hiyo tumeelekezwa kuwaangalia ndege walio juu yetu. Katika Suratul An'am tumeambiwa kwamba ndege ni umma mfano wetu, na kwamba nyota zimewekwa kwa uongofu wa njia katika giza la bara na bahari. Mwenye kuambiwa "tazama" asitazame, huyo ndiye apasaye kuulizwa udhuru wake. Wala haifai kusema, "Mimi nimesoma kwamba ndege ni ishara, yatosha." Kusoma kwamba asali ni tamu si kuionja.

Lakini sisemi kwamba kila atazamaye ndege afanya ibada. Akipitwa na sala kwa ajili ya ndege, amefanya kosa. Akivivuruga viota ili aone mayai, amedhulumu. Akiielekeza darubini yake kwenye madirisha ya jirani na kudai anatafuta shorobo, huyo twamjua anatafuta nini. Na akizihisabu nyota ilhali mlangoni pake pana mwenye njaa, nyota zitamshuhudia. Furaha hii ni halali yenye mipaka, na ikitiwa nia hugeuka ibada, kama ilivyo kwa chakula na usingizi. Ama kuiita upuuzi, hapana.

Tena mna faida moja ambayo umma wetu waihitaji. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia sote tunakuwa mashahidi wa mwezi. Twagombana kwa sauti kubwa, mji huu wafunga, mji ule haufungi. Wangapi katika wagombanao wajua usiku huu mwezi uko wapi? Miezi kumi na mmoja hatuinui vichwa, kisha mwezi wa kumi na mbili twataka macho yetu yakubaliwe. Mtoto aliyezoea kuitazama mbingu kila vuli atakuwa shahidi mwema, atakayesema "nimeuona" akiwa ameuona, na "sikuuona" akiwa hakuuona. Na neno hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Yule mtoto aliyeniuliza swali, nilichelewa kumjibu mwezi mzima. Kisha nikamwita pamoja na wenziwe watatu, nikawaambia mbele ya chuo kizima kwamba bundi hakumleta malaika wa mauti wala kumuua hakukumzuia. Kwamba wao walikosea kwa kuua, na kwamba Maalim wao alikosea zaidi yao, kwa kuwa yeye alijua akanyamaza. Wengine walistaajabu kusikia maalim akijishtaki. Yeye hakustaajabu. Aliuliza tu, "Basi yule mwenziwe aliyebaki, anamwita nani?" Nikamwambia sijui, twende tukasikilize. Tukaenda. Vuli hii bundi mwingine amekuja mgungani, na mtoto huyo ndiye anayewakataza wadogo wasitupe mawe.

Ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko, mna kiza kizuri kuliko chetu na bahari isiyozuia upeo. Vuli haijakwisha. Baada ya Isha mshike mwanao mkono, umtoe nje, umwonyeshe Kilimia kabla mtu mwingine hajamwonyesha kitu kingine. Na ukiwa hukijui, usione haya. Mwambie hukijui, mkitafute pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye katika wenye kuona wakazingatia, na wenye kujua wasinyamaze. Amin. Wassalaam.